Ndimu ya Gegedu

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya magoti. Wiremu, dereva wa gari la machinjio, alisukuma mlango kwa bega, akatua ndoo ya barafu juu ya meza ya bati karibu na sinki.

"Shangazi, magoti kumi na mawili haya. Kondoo wanakusalimu sana, ila wamesema hawataweza kuja kwa miguu."

"Kila Alhamisi mzaha ule ule," Fuatino alimjibu bila kugeuka. "Hata kondoo wenyewe wameuchoka."

"Mbona hawajalalamika?"

"Toka hapa, una matope kwenye viatu."

Wiremu alicheka, lakini hakutoka. Alipenda kuegemea ukuta na kumtazama Fuatino akifungua goti. Mikato mitatu tu: mmoja mbele, miwili ubavuni, na goti likafunguka kama kombe. Ndani, juu ya vichwa vya mifupa, kulikuwa na kile alichokitaka: gegedu, nyeupe yenye ubuluu wa mbali, laini kuliko kauri iliyolowa. Alikunyua kwa ncha ya kisu utando baada ya utando, mwembamba kiasi kwamba ungeweza kuona kidole upande wa pili, wala hakugusa mfupa hata mara moja. Mfupa una damu, na damu ikiingia kazi yote imeharibika. Vijana wa maabara, wenye shahada zao, walichukua robo saa kwa goti moja na kumwagia damu nusu ya vipande. Fuatino alimaliza goti moja kabla Wiremu hajamaliza kupiga miayo.

Mkono huo hakuupata shuleni. Shule aliiacha kisiwani Savai'i akiwa na miaka minane, baba yake alipoanguka kutoka kwenye paa na mtu wa kukaa naye akahitajika. Mkono huo ulifundishwa na miaka kumi na tisa ya machinjio, hapa kusini kwenye baridi, akisimama juu ya sakafu iliyolowa kutoka asubuhi hadi jioni. Miaka kumi na tisa, kisha ncha ya kisu ikaonekana ndani ya sanduku la nyama lililokwisha kusafiri ng'ambo. Visu vya Fuatino vilikuwa vyote vizima, vinaning'inia mahali pake, na hakuna aliyekwenda kuviangalia. Kisu kilichokatika kilikuwa cha mpwa wa msimamizi. Mpwa alipoulizwa alitaja namba ya kazi ya Fuatino. Fuatino alipoulizwa, hasira ilimpanda, lugha ya watu, isiyo ya kwao, ikamkimbia yote, akabaki amesimama kama gogo. Wakaandika kwamba amekiri.

Nyumbani alitegemea angalau mumewe Sefo atamsikiliza. Sefo alimsikiliza, kisha akasema, "Kama hukufanya, mbona hukusema?" Miezi minne baadaye alifungasha virago akaenda Brisbane na mwanamke aliyekuwa akipanga maini kwenye trei. Alikuwa fundi wa maini, yule, na ya Sefo aliyapanga vizuri vilevile.

Aliyemtoa Fuatino kwenye shimo lile alikuwa Profesa Isla Drummond. Zamani hizo profesa alikuwa akija machinjioni mwenyewe kuchukua magoti, mwanamke mkavu mwenye buti za mpira, na alikuwa ameona kisu cha Fuatino kikifanya kazi. Aliposikia amefukuzwa alimtumia ujumbe: njoo unioshee vyombo na unifungulie magoti. Hakumuuliza habari ya ncha ya kisu. Fuatino alingoja aulizwe, mwaka, miaka mitatu, miaka sita, na hakuulizwa. Mara nyingine hilo lilimpa amani. Mara nyingine lilimuudhi, kwa sababu jibu alikuwa nalo, na lilikuwa limekaa kifuani likiwa zima.

Kazi ya maabara ile ilikuwa moja. Vipande vya gegedu viliyeyushwa kwa dawa mpaka seli zikatoka peke yake, kila seli ikafungwa ndani ya tone la jeli ya mwani ili ibaki mviringo. Seli ya gegedu ukiilaza kwenye sakafu ya plastiki inatandazika, na ikishatandazika inasahau ilikuwa fundi wa nini. Ndani ya jeli, ikilishwa supu nyekundu kila baada ya siku mbili na kuwekwa kwenye joto la mwili, ilikumbuka. Baada ya wiki nne tone lilikuwa gegedu changa: ukilibonyeza kwa koleo dogo, linakusukuma.

Mwezi wake wa kwanza, profesa alipita karibu na sinki akisema na vijana wake, "Tumeishiwa ndimu, bila ndimu seli hazitatoa kitu." Fuatino alisikia. Jumatatu iliyofuata alikuja na mfuko wa ndimu kutoka kwenye mti alioubembeleza miaka saba nyuma ya ukuta usiopigwa na upepo, akauweka juu ya meza ya profesa. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Ndimu yao ilikuwa unga mweupe kwenye kopo, vitamini C, wakiuita ndimu kwa ajili ya mabaharia wa kale waliookolewa na ndimu. Uso wa Fuatino uliwaka. Lakini profesa hakucheka. Alichukua ndimu moja, akainusa.

"Tino, mabaharia wale walipokosa hii, unajua kilichowapata? Makovu ya zamani yalifunguka. Mtu alikatwa akiwa kijana, akapona, na miaka ishirini baadaye, katikati ya bahari, kidonda kinaachia tena kama jana."

"Kwa nini?"

"Kaa chini nikwambie."

Hiyo ndiyo siku aliyoambiwa habari ya kamba. Ndani ya kila seli ya gegedu, profesa alisema, mna chumba cha kusokotea. Humo zinatengenezwa nyuzi ndefu, na nyuzi tatu zinashikana zinasokotwa kuwa kamba moja. Kamba hiyo ndiyo kolajeni. Ndiyo inayofanya goti libebe mtu. Lakini nyuzi peke yake hazishikani katika joto la mwili, zinateleza na kufumuka. Ni lazima kila uzi uguswe mahali pengi, pengi sana, na alama ndogo ya kuushikisha kwa wenzake, na fundi anayeweka alama hiyo hawezi kunyanyua mkono bila ndimu.

Fuatino alisikiliza, kisha mikono yake ikaanza kwenda yenyewe juu ya paja. Baba yake, tangu alipoanguka, alikuwa akikaa na lundo la makumbi ya nazi, anasokota nyuzi juu ya paja lake lisilo na nguvu, kisha anasuka tatu tatu kuwa kamba, ile wanayoiita 'afa. Nyumba nzima ilisimama kwa kamba zile bila msumari hata mmoja. Makumbi makavu hayashikani. Baba alikuwa na bakuli la maji kando, analowesha vidole.

"Na ncha?" Fuatino aliuliza. "Ncha za kamba zinaachwaje?"

Profesa alimtazama. "Kwa nini unauliza ncha?"

"Baba aliacha vishungi huku na huku, vinene, ili kamba isijifumue wala kunasana na nyingine kwenye kikapu. Akifika darini anafunga, ndipo anakata vishungi."

Profesa aliirudisha ndimu mezani. Kisha akasema polepole kwamba ndivyo ilivyo. Kamba ikiwa bado ndani ya seli ina vishungi mwanzoni na mwishoni, kusudi isishikamane na wenzake kabla ya wakati. Ni ndefu kuliko mizigo yote ya seli, haiingii kwenye vifuko vya kawaida, hata seli inalazimika kuishonea mfuko wake mkubwa wa kuitolea. Ikishavuka mlango, vishungi vinakatwa, na kamba zinajipanga zenyewe ubavu kwa ubavu, maelfu kwa maelfu, hakuna anayezipanga.

"Hakuna?"

"Hakuna, Tino. Miaka arobaini natafuta na sijamwona."

Tangu siku hiyo chupa waliyokorogea vitamini C iliandikwa NDIMU kwa herufi kubwa. Na tangu siku hiyo Fuatino hakuosha tena vyombo kama mtu anayeosha sufuria. Aliosha mara moja kwa sabuni na mara saba kwa maji safi, kila chupa, kila kisahani, kwa sababu humo palikuwa na mafundi waliofanya kazi ya baba yake, wadogo kiasi cha elfu kusimama juu ya ukucha.

Mwaka wa saba profesa mwenyewe alikwenda hospitali kubadilishwa nyonga. Gegedu yake ilikuwa imekwisha, yeye aliyehangaikia za kondoo maisha yake yote. Aliondoka kwa magongo akijicheka, akamwachia maabara Callum Rennick, kijana wa miaka thelathini na mbili, mrefu, msafi, mwenye haraka.

Mwezi wa pili bila profesa, matone yakaanza kuwa uji. Callum aliyabonyeza, hayakumsukuma. Alibonyeza ya kundi lililofuata, uji. Mengine, uji. Wageni kutoka kwenye shirika lililoilisha maabara walikuwa wanakuja mwishoni mwa mwezi kuona gegedu, na hapakuwa na gegedu ya kuwaonyesha.

Jumatano moja, saa ya chai, chumba kizima kikiwa kimeshika vikombe, Callum alikohoa.

"Nimepata. Ni sabuni. Kuna sabuni inabaki kwenye vyombo." Hakumtazama Fuatino. "Tino, sikulaumu. Ni kazi ya mkono, na mkono unachoka. Kuanzia mwezi ujao vyombo vitakwenda kuoshwa kwa mashine hospitalini. Na magoti, nadhani tutajifunza wenyewe. Wewe umefanya kazi kubwa. Unastahili kupumzika."

Wiremu, aliyekuwa amepita kunywa chai ya bure kama kawaida yake, alishusha kikombe. Wengine walitazama biskuti.

Kitu kile cha machinjioni kilimrudia Fuatino. Alikijua kile kitu kama mtu anavyomjua jirani mbaya kwa hatua zake. Maneno yalikuwepo yote, yamejipanga, na mlango ulikuwa umefungwa. Alisimama, akaosha kikombe chake mara saba, akatoka.

Wiremu alimfuata nje kwa gari, akashusha kioo.

"Shangazi, unakwenda wapi? Rudi umwambie."

"Nimwambie nini? Ana shahada tatu."

"Hata themometa ina digrii, na unajua inawekwa wapi."

Fuatino alicheka bila kupenda. Kisha akanyamaza. "Wiremu, ulikuwepo machinjioni siku ile. Ulijua kisu cha nani?"

Wiremu alitazama usukani. "Kila mtu alijua."

"Na hukusema."

"Sikusema." Alizima injini. "Na wewe hukusema, shangazi. Tulingojana."

Fuatino alitaka kumzaba kofi. Badala yake alipanda kilima kwa miguu, goti la kulia likimuuma kila hatua, na usingizi wake siku hiyo haukuwa wa kupumzika.

Kesho yake alirudi, kwa kuwa vyombo havikuwa vimeoshwa na hakutaka mtu aseme aliacha sinki chafu. Ya nne kwenye foleni ilikuwa chupa ya NDIMU, imekwisha. Aliinamisha ili amwage kilichobaki. Tone moja liliteremka shingoni, likasimama ukingoni, na Fuatino akasimama nalo.

Lilikuwa la njano, kama chai hafifu.

Miaka sita ameosha chupa ile. Profesa alikoroga ndimu mpya Jumatatu na Alhamisi, kidogo kidogo, akaifunika kwa karatasi ya alumini isipate mwanga, na tone la mwisho siku zote lilikuwa jeupe kama maji ya mvua. Supu ya seli ni nyekundu. Ukishamimina ndimu ndani, njano haionekani. Anayejua rangi ya tone la mwisho ni mwoshaji peke yake.

Aliibeba chupa hivyo hivyo, bila kuikausha mikono, mpaka kwenye meza ya Callum.

"Hii uliikoroga lini?"

Callum aliangalia kibandiko. "Ah, niliikoroga nyingi. Ya wiki sita. Kupima unga kila Jumatatu ni kupoteza wakati, Tino."

"Imelala."

"Imefanya nini?"

"Imelala. Imekufa. Tazama rangi."

"Ni njano kidogo tu." Alitabasamu, tabasamu la kumstiri mtu mzima. "Tino, najua inauma. Lakini tatizo ni sabuni."

Fuatino alishika ukingo wa meza. Lugha ya watu ilikuwa inakimbia, akaikamata kwa mkia.

"Sabuni inaua," alisema. "Seli iliyokufa ukiitia dawa ya rangi inakuwa buluu. Profesa alinionyesha. Zako ulizitia. Zilikuwa buluu?"

Callum alifungua daftari. "Hapana."

"Basi hazijafa. Ziko hai, zinakula supu yako, na hazitoi kitu. Hiyo ni sabuni gani?" Sauti ilikuwa imepanda, kwenye meza nyingine watu wameacha kuandika. "Goti moja. Nilikate mimi. Visahani viwili, nivioshe mimi, vyote viwili. Kimoja ukipe iliyobaki ya mkorogo huu. Kingine ukipe mpya, ukoroge leo na ukoroge kila mara kama profesa. Siku sita; hazitoshi kwa gegedu, zinatosha kuona kamba. Vyote vikikosa kamba, naondoka mwenyewe, usinipe hata keki ya kuniaga."

"Na kama—"

"Kama si hivyo, utasema saa ya chai. Palepale uliponisema."

Labda alikubali ili amalize ubishi. Hata hivyo alikubali.

Siku sita zile Fuatino hakusogelea visahani hata mara moja, asije akaambiwa ametia mkono. Aliosha. Siku ya sita Callum alikata matone yale vipande vyembamba, akazitoboa seli ngozi ili rangi iingie mpaka ndani, akavitia rangi ya kijani inayong'ang'ania kolajeni na kuacha vingine vyote. Alizima taa, akakaa kwenye hadubini. Alikaa muda mrefu. Alibadilisha kipande, akakaa tena. Kisha akasimama akamwachia kiti.

"Tazama," alisema, na sauti yake haikuwa na haraka.

Fuatino alikaa, akainama. Mwanzoni aliona kope zake mwenyewe. Kisha giza likatulia, na ndani ya giza kukawa na seli.

Cha kwanza kilikuwa cha ndimu ya zamani. Kila seli ilikuwa tonge la kijani, limevimba, linawaka kwa ndani kama taa iliyofunikwa na chungu. Nje ya seli hapakuwa na kitu. Giza tupu. Zilikuwa zimesokota. Hazikulala siku zote hizo, zimetengeneza uzi juu ya uzi, na nyuzi hazikushikana, na mlango haupitishi kamba iliyolegea, zikajaa, zikafura, zimesimama na kazi yao yote tumboni. Mtu akizitazama kwa nje atasema wavivu hawa hawajafanya kitu.

Fuatino aliweka mkono kifuani bila kujua ameuweka.

Callum alibadilisha kipande. Cha pili, ndimu mpya. Seli zilikuwa zilezile, za goti lilelile, ila sasa zilikuwa nyembamba na tulivu katikati, na kilichowaka kilikuwa nje. Kuzizunguka pande zote ulitanda wavu wa kijani, mwembamba kuliko utando wa buibui, unapita kutoka seli moja hadi nyingine, unapindana, unashikana, hauna mwanzo. Hakuna aliyeupanga. Alitazama akiwatafuta waupangao, kama profesa alivyotafuta, na hakuwaona. Machozi yalidondoka kwenye kioo cha macho na picha ikatawanyika. Akakifuta kwa pindo la aproni, akainama tena. Baba angekuwa hai, Fuatino angemweka hapa. Angemwambia, tazama, baba, dari yako.

"Tino," Callum alisema nyuma yake. "Ilikuwa ndimu. Nitaiandika kwenye daftari."

"Andika. Na saa nne ni chai."

Saa nne walikuwa wote, na Wiremu pia, ambaye hiyo haikuwa siku yake ya magoti. Callum alisimama karibu na birika. Masikio yalikuwa mekundu.

"Nataka kusema. Tatizo lilikuwa ndimu. Niliikoroga mimi, nikaiweka muda mrefu mno. Vyombo vilikuwa safi. Aliyeliona ni Fuatino."

"Sijasikia vizuri," Wiremu alisema. "Birika linapiga mluzi."

"Wiremu..."

"Kweli kabisa. Rudia toka 'niliikoroga mimi.'"

Watu walianza kucheka, Callum naye akashindwa kujizuia, lakini alirudia, neno kwa neno, na safari hii alimtazama Fuatino machoni. Fuatino hakusema asante. Haikuwa zawadi. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea kisu chake mwenyewe kilichokuwa kimeazimwa. Kisha akamgeukia Wiremu.

"Na wewe?"

Wiremu aliacha kucheka. Alikizungusha kikombe. Wengine hawakujua kinachoulizwa.

"Ncha ya kisu," Wiremu alisema, "kule machinjioni. Haikuwa ya shangazi. Mimi nilikuwepo, na niliona."

Miaka saba ilikuwa imepita. Hapakuwa na msimamizi wa kusikia, wala Sefo. Lakini kweli imetoka, imesemwa chumbani mbele ya watu, na Fuatino alisikia kitu kikiachia kifuani, taratibu.

Aliacha kikombe chake mezani, akarudi kwenye chumba cha giza. Aliteremsha kiti, kwa maana goti halikumruhusu kukaa juu, akatafuta kile kipande cha pili. Profesa aliwahi kumwambia kwamba kamba zilizo ndani ya goti la mtu mzima hazibadilishwi. Zilizosokotwa akiwa mtoto, akirefuka, ndizo atakazozikwa nazo. Wakati ule hakulitia maanani. Sasa alipitisha kiganja juu ya goti lake bovu, chini ya aproni. Zilisokotwa Savai'i hizi, akiwa amekaa kando ya baba, akilowesha vidole kwenye bakuli lake. Zilikuwepo aliposimama kama gogo machinjioni. Zimelika, zinauma, lakini ni zilezile, na zimempandisha kilima kila siku.

Mlango ulifunguka kidogo, mwanga ukaingia.

"Tino, chai yako inapoa," Callum aliita.

"Iache ipoe," alisema, bila kunyanyua jicho. "Na funga mlango, unaniharibia giza."